Sahani ya Sitini na Mama Mchawi wa Kitabuni

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe. Mashahidi niliwaita mwenyewe. Chai niliwapikia mwenyewe. Na mandazi.

(Mandazi ndiyo yaliyonimaliza, lakini tutafika huko.)

Mnanijua. Mimi ni Mama Furaha wa Juru, hapa kambini Nakivale, muuza makoti na sweta za mtumba, mtu asiyepunjwa. Kila kitu nakihesabu mara mbili. Vifungo vya koti, mara mbili. Watoto wangu wakitoka kanisani, mara mbili, na ninao watatu tu.

Mambo yalianzia Mbarara, mwezi uliopita, kule Nyamityobora. Kuna mzee pale, mwanajeshi mstaafu, anauza mtumba barazani kwake. Kila mtu anamwita Afande. Nilichagua makoti sita tukaanza kubishana bei. Mkewe akatoka kututazama, akarudi ndani, akatoka tena na kiti. Tulipopatana nikamwambia, "Haya, Afande. Sasa matabishi yangu iko wapi?"

Kwetu Kivu ukinunua usipewe matabishi, ile nyongeza ndogo ya kukushukuru, umeibiwa.

"Matabishi gani? Wewe mama Kongo iko na maneno mingi kama redio. Bei imekwisha."

"Makoti sita, Afande! Hata kitu kidogo."

Akatazama huku, akatazama kule. Akainama, akachomoa kitabu chini ya mguu wa meza. "Kamata hii. Hii ni ya lugha ya kwenu. Hapa hakuna mtu anasoma. Hata panya ilikataa."

Meza ikaanza kuyumba. Hasara yake.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa. Kabla ya kukubali nilihesabu kurasa, huku Afande akipuliza mashavu kwa hasira. Mia tatu na kumi na mbili. Nikahesabu tena. Mia tatu na kumi na mbili, haijapungua hata moja. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamke wa kofia ndefu yenye ncha, paka mweusi, fagio, na boga lililochongwa meno. (Boga lenye meno! Sisi boga tunalila, halitutishi.) Nyuma waliandika kwamba ni hadithi ya upelelezi yenye uchawi kidogo, na kwamba ni tamu zaidi ukiisoma wakati wa automne, majani yakidondoka nje, wewe uko chini ya blanketi na kikombe cha kitu cha moto.

Automne! Shuleni tulifundishwa majira manne ya mwaka kwa fimbo. Printemps, été, automne, hiver. Nilipata kumi juu ya kumi. Tangu siku ile mpaka leo sijakutana na hata moja kati ya hayo manne. Sisi tuna jua na tuna mvua. Kwa hiyo mvua za mwezi wa kumi zilipoanza kupiga bati langu, nikajiambia, Mama Furaha, hii ndiyo automne utakayoipata. Nikachemsha chai, nikajifunika blanketi, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Jalada nilikuwa nimeshalifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kama tulivyokuwa tunafunika madaftari. Huwezi kupita Juru na picha ya mchawi kwapani. Watakuombea mpaka uombe radhi kwa dhambi ambazo hujazifikia.

Jamani, kitabu kitamu! Yule mchawi wao si kama walozi tunaowaogopa sisi. Hali mtu. Harushi radi. Ana duka la majani ya chai, anawapikia watu dawa ya kikohozi, na majirani wanamsalimia! Uchawi wake wote ni macho. Anaangalia. Siku moja mwoka mikate wa mji anakutwa amekufa, uso ndani ya unga, na kijiko chake cha fedha hakionekani. Polisi wanazunguka tu. Mama mchawi anazunguka nao, anauliza maswali, na kila sura lazima mtu ale keki. Nilijipimia sura moja kwa siku, tena siku ya mvua tu, kama mtu anayemega nyama kidogo kidogo ili wali usibaki peke yake.

Sasa tuje kwenye sahani.

Kikundi chetu cha akina mama tuko wanane. Tuna sahani sitini tunazokodisha kwenye harusi na matanga. Zinakaa kwangu, ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo unakaa shingoni mwangu kwenye uzi. Miaka minne sasa! Sahani za Nakivale zote ni ndugu, zinafanana mpaka ukoo, kwa hiyo mimi ndiye niliyebuni alama. Chini ya kila sahani nilipaka nukta tatu nyekundu kwa rangi ya kucha ya binti yangu, zimekaa kama mafiga. Na sheria mbili za kikundi niliziandika mimi. Ya kwanza: sahani ya kikundi haitumiwi nyumbani kwa mtu, hata kwa dakika. Ya pili: mtunza ufunguo akipoteza sahani, mkutano unaofuata aseme iko wapi, la sivyo avue ufunguo.

(Najua. Najua. Endeleeni kusoma.)

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na harusi hapa jirani. Mvua ilinyesha toka saa sita. Jioni nikahesabu sahani: hamsini na tisa. Nikaanza upya, kutoka mwisho kurudi mwanzo: hamsini na tisa. Nilihisi uzi unanikaba shingo.

Mtu wa kwanza kusikia alikuwa Mama Riziki, kiongozi wetu wa maombi. Mama Riziki anaupenda ule ufunguo. Anauangalia jinsi mtu anavyoangalia mtoto mzuri wa jirani. "Pole sana, dada," akaniambia, macho yako kifuani pangu. "Miye nitakuombea. Na kama itashindikana, ufunguo hautakosa fasi ya kukaa."

Basi nikaanza upelelezi. Nilipita nyumba zote saba za wenzangu. Nilifunua masufuria. Nilichungulia chini ya kitanda cha Mama Riziki (kuna viatu vingi kuliko anavyovaa, lakini hilo si la leo). Sahani hakuna. Ndipo nikafanya kama mama mchawi: nikakaa, nikanywa chai, nikafikiri nani.

Nikampata. Nabintu.

Nabintu ni mjane, amefika juzijuzi kutoka upande wa Kivu. Kwenye kikundi yuko mwezi wake wa majaribio, na kikundi ndicho ndugu pekee alionao hapa. Akiitwa mwizi, anatoka, na hana pengine pa kuingia. Hayo niliyajua. Lakini nilikuwa na ushahidi wa namna tatu, nimeuandika kwenye karatasi. Moja, ndiye aliyeosha sahani za mwisho. Mbili, aliondoka kabla sijahesabu. Tatu, tangu siku ile nikimsalimia anaangalia chini. (Leo nimeelezwa kwamba mtu yeyote ukimwangalia kama nilivyokuwa ninamwangalia, ataangalia chini.)

Jana mvua ikanyesha nikafika sura ya ishirini na moja. Mama mchawi anawakusanya washukiwa wote nyumbani kwa mama mmoja tajiri, mjane, mkarimu sana. Yule mjane anamimina chai, anapitisha keki. Wakishatulia, mama mchawi anasimama katikati na kunyamaza. Anasema moyoni, mwenye hatia hawezi kuvumilia kimya, atakuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Nikafunga kitabu hapohapo. Ilibaki sura moja, nikaiweka akiba. Njia nilikuwa nimeshaipata, haraka ya nini?

Leo Jumamosi ndiyo siku ya mkutano, na mkutano ukawa kwangu. Nilichemsha chai ya tangawizi. Nikakaanga mandazi kumi na sita, mawili kwa kila mama (nilihesabu, halafu nikahesabu). Nikayapanga kwenye ile sahani yangu nzuri inayofunika mtungi wa maji. Mume wangu, Baba Furaha, nikamwambia akae chumbani na asitoe neno, kuna kazi ya akili inafanyika.

"Kazi ya akili hapa kwetu?" akauliza. "Leo?"

Nikamvutia pazia.

Wakaja wote saba. Wakakaa kwenye mabenchi, ila Nabintu, ambaye kwa adabu ya mgeni alikaa chini mkekani. Nikamimina chai kila kikombe. Nikasimama katikati. Nikanyamaza. Nikawaangalia mmoja mmoja, polepole, kama kitabu kilivyoelekeza.

Mwenye hatia aseme sasa.

Jamani! Mama wa Kikongo ukisimama mbele yake ukanyamaza, anajua kitu kimoja tu. Wakainamisha vichwa wote. Wakafumba macho. Mama Riziki akaweka kikombe chini, akainua mikono: "Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru juu ya hii kimya…"

Akaomba. Aliombea mvua. Aliombea maharage. Aliombea watoto wa kila mmoja kwa majina. Kisha akaombea "ule mwenye aliiba sahani, umufungue macho, Bwana, na ule mwenye aliipoteza, umupatie moyo wa kuachilia ufunguo." Nilifungua jicho moja nikamwona na yeye amefungua moja. Tukayafumba yote mawili kwa wakati mmoja.

"Amina!"

Chai ilikuwa imepoa. Na kwa hesabu ya kitabu, wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mama Riziki. Mungu anisamehe, nilitamani. Lakini karatasi yangu ilisema Nabintu.

Nikapitisha mandazi. Nilichukua yangu mawili, sahani ikaenda mkono kwa mkono, mpaka Mama Riziki akaishusha kutoka kwenye benchi kumpa Nabintu pale chini. Nabintu aliinua macho kuipokea. Akaduwaa. Akachukua mandazi yake, akaiweka ile sahani mapajani, akaifunika na pindo la kitenge.

Ndiyo hii! Mtu mwenye hatia hajui la kufanya na mikono yake! (Sura ya tisa.)

"Nabintu, rudisha sahani."

"Iache tu kwangu, dada. Nitaiosha miye."

"Uoshe nini? Chai bado. Ilete."

"Dada, ninakuomba. Tutaiosha kiisha, siye wawili tu."

"Mbona unaikumbatia kama mtoto?" Mama Riziki akadakia.

Nikaona saa imefika. Nikakaza mgongo, nikatoa sauti niliyoifanyia mazoezi jikoni. "Bamama, mmoja wenu hapa anajua sahani ya sitini iko fasi gani. Nabintu! Unajua ao hujui?"

Safari hii hakuna aliyeomba.

"Ninajua, dada," akasema taratibu.

Weee! Mama mmoja akashika kinywa. Mimi nilihisi kofia ndefu yenye ncha inaniota kichwani.

"Iko wapi?"

"Usiniulize mbele ya bantu, dada. Kwa heshima yako."

"Heshima yangu iache! Mbele ya bantu njo vizuri! Onyesha!"

Nabintu akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuona. Akafunua kitenge. Akainua ile sahani ya mandazi kwa mikono miwili, akaigeuza polepole ili kila mtu aone.

Nukta tatu nyekundu. Zimekaa kama mafiga.

Ningekuwa na akili ningezimia. Badala yake nilisema, kwa sauti kubwa, "Hiyo imefikaje hapo?"

Akanijibu mwenye nyumba. Baba Furaha alitoa kichwa kwenye pazia la chumba, amefurahi kusaidia. "Kumbe njo hiyo munatafutaka? Si njo ile ulifunikaka wali yangu siku ya harusi, mvua isiingie?"

Ikanirudia yote. Siku ya harusi Baba Furaha alikuwa kitandani na malaria. Nilimpakulia wali na nyama kwenye sahani yetu. Mvua ilikuwa kali, nikanyakua sahani nyingine kufunikia, nikakimbia. Yeye alipomaliza kula akaona mtungi wa maji uko wazi, akaufunika. Asubuhi nikaikuta pale, nikafikiri, sahani yangu hiyo, nzuri kweli. Siku kumi na nne nimekuwa nikiinua ushahidi, nakunywa maji, narudisha ushahidi. Nilipekua nyumba saba. Nyumba ambayo sikuipekua ni moja tu, na nadhani mnaijua.

Kicheko kilianzia kwa Mama Riziki. Kiliingia benchi zima. Mmoja alimwaga chai, mwingine akatoka nje akacheka kwenye mvua, akarudi, akaiona sahani, akatoka tena. "Eeeh Mungu wangu!" Mama Riziki alilia machozi. "Bwana amefungua macho ya ule mwenye aliiba! Maombi inatumika!"

Hakuna aliyekuwa hacheki, isipokuwa Nabintu na mimi.

Nikaenda mbele yake nikapiga magoti mkekani. Nilimwomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wote. Hapo sikubishana bei. Nikamwuliza kwa nini siku ile aliondoka mapema. Akasema nyumba yake inavuja, aliwahi kwenda kuondoa godoro la watoto. Ndiyo hiyo tu. Ushahidi wangu namba mbili ulikuwa godoro.

Kisha nikavua uzi shingoni. Sheria ni sheria, tena niliiandika mimi, na aliyesema sahani iko wapi hakuwa mimi. Nikauweka ufunguo katikati ya ile sahani, juu ya makombo. Mkono wa Mama Riziki ulikuwa njiani tayari, lakini mama mmoja akamzuia. "Hapana. Mwenye alisingiziwa njo ataamua."

Nabintu akauchukua ufunguo, akaupima mkononi. Unajua mtu aliyekaa chini mkekani mwezi mzima bila kusema, siku akisema anasikika. Akasema, "Dada atabaki na ufunguo. Kutunza anajua. Lakini kuhesabu, nitahesabu miye. Yeye mara mbili haimutoshe."

Wakapiga makofi mpaka bati likajibu. Majaribio yake tuliyafuta palepale, na Jumatatu tunakwenda wote na turubai nyumbani kwake. Mama Riziki naye alipiga makofi. (Mara tatu. Nilihesabu, kabla sijakumbuka kwamba si kazi yangu tena.)

Ndipo wakauliza hayo mambo ya kusimama kimya niliyatoa wapi. Ikabidi nilete kitabu. Mama Riziki akaivua ile karatasi ya kalenda, akakutana uso kwa uso na kofia, paka na boga lenye meno.

"Yesu! Mulozi!"

"Si mulozi wa kwetu," nikajitetea. "Huyu anauza chai. Anatafuta vitu vilivyopotea."

"Na anavipata?"

"Yeye anavipata."

Wakaanza upya kucheka. Halafu wakataka kujua mwoka mikate aliuawa na nani, na kwa nini paka analala dukani, na boga wamelichonga meno ya nini badala ya kulipika. Mvua ikaongezeka, hakuna aliyetaka kuondoka. Wakanipa adhabu kwa kauli moja: kila siku ya mvua nitawasomea sura moja kwa Kiswahili, toka mwanzo hadi mwisho, na chai juu yangu. Na mandazi. Kwenye sahani ileile. Nilijaribu kupunguza iwe nusu sura. Walikataa. Mama Riziki alisema yeye atakuja kusikiliza ili kulinda wenzake kiroho, na kwamba lazima akae karibu na mandazi.

Leo wamekula sura ya kwanza. Nabintu alikaa kwenye benchi. Mwoka mikate alipoanguka, uso ndani ya unga, wote walisema "Iii!" kwa pamoja, na mimi, kusema kweli, nilikuwa na raha. Watu wanane, bati linapigwa na mvua, chai imepashwa moto. Nadhani hii ndiyo automne waliyoiandika nyuma ya kitabu.

Walipoondoka nilikaa mlangoni nikasoma ile sura niliyoiweka akiba, ya ishirini na mbili, ya mwisho. Nijue basi muuaji ni nani.

Ni yule mjane mkarimu. Mwenye nyumba. Aliyewaita watu akawamiminia chai na kuwapitishia keki, na kijiko cha fedha kilichotafutwa mji mzima alikuwa anakorogea sukari mbele ya macho yao wote.

Sijawaambia wenzangu. Watafika huko wenyewe, sura moja kwa kila mvua, nikiwasomea kwa mdomo wangu huu. Zimebaki sura ishirini na moja. Nimehesabu tena. Ishirini na moja. Kwa mvua za mwaka huu, ile ya mwisho inaangukia kabla ya Noeli.

Kwa hiyo ndugu zangu, msicheke leo mkamaliza. Wekeni akiba.